Kampuni Ikibadili Jina, Muulize Mpaka Rangi

Sehemu kubwa ya ujana wangu nimeishi kwa hela za kampuni za simu, na hakuna hata moja iliyowahi kuniajiri. Nilikuwa napaka maduka. Mliokuwa mkisafiri kati ya Chalinze na Dodoma miaka ile ya 2000 mnakumbuka: duka la Mangi, saluni, bucha, hata nyumba ya mtu iliyokaa vizuri kando ya barabara, vyote vimevaa rangi ya mtandao fulani kuanzia msingi hadi kwenye bati, na jina la mwenye duka limebanwa juu kwa herufi ndogo. Baadhi ya zile kuta ni mkono wangu.

Mpango ulikuwa hivi. Kampuni ya simu inaipa kazi kampuni ya matangazo ya Dar, ya Dar inatafuta mtu wa mkoani, huyo wa mkoani anatutafuta sisi wenye brashi. Hela inapungua kila inapopita mkono. Mwenye duka hatoi kitu. Anapata ukuta mpya bure, na akiwa mjanja anaomba na mwamvuli. Sisi tunalipwa kwa mita ya mraba, baada ya picha kupigwa na kupelekwa Dar, na baada ya kuzungushwa sana. Kuna wakala mmoja, simtaji, hela yake ya kuta za upande wa Gairo naidai mpaka leo.

Kwa mpangilio huo, habari za kampuni kubadili jina sikuzipata redioni. Nilizipata kwa simu: "Fundi, uko wapi? Andaa vijana, kuna kazi ya nchi nzima."

Nikisikia "kazi ya nchi nzima" nilifurahi kwanza, maswali baadaye. Ila maswali yalikuja, kwa sababu watu wa madukani walikuwa wananiuliza mimi. Waliniona na ndoo ya rangi wakadhani najua siri za wakubwa. "Fundi, hawa wamefilisika?" Mama mmoja aliyekuwa anauza vocha pale Dumila alinishika kabisa mkono nisianze kupaka mpaka nimwambie kama zile vocha alizonazo ndani zitakuwa karatasi tu kesho yake. Ilibidi nitafute majibu, na kadiri nilivyotafuta niliona kwamba yanayosemwa kwenye sherehe ya uzinduzi, muonekano mpya, ladha mpya, karibu na wewe zaidi, mara nyingi ni maua ya mezani. Chakula chenyewe kiko kwenye swali moja: jina la zamani lilikuwa mali ya nani?

Nilianza na mtandao wa Celtel. Nyekundu na njano, herufi zilizonyooka, kazi safi. Celtel aliianzisha Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan aliyekuwa na makazi yake Uingereza, mwaka 1998. Mwaka 2005 aliiuza kwa kampuni ya Kuwait iliyoitwa MTC kwa dola bilioni 3.4. Sisi huku hatukujua lolote. Ukuta ukabaki ule ule, vocha zile zile. Mwaka 2006 wakaunganisha Kenya, Uganda na Tanzania, ukivuka mpaka unapiga kama uko nyumbani, na madereva wa malori wakaipenda Celtel kweli kweli. Tajiri mpya angekuwa mjinga kuligusa jina lenye sifa hiyo, wakati lake hakuna aliyelijua hata Namanga. Aliliacha kwa takriban miaka mitatu.

Kumbe alikuwa anajenga lake. Mwaka 2007 MTC yenyewe ikajibadili kule Kuwait ikawa Zain, na Agosti 2008 Celtel zote za Afrika zikafuata. Walikuwa na ndoto ya kuingia kwenye kampuni kumi kubwa za simu duniani ifikapo 2011, na ndoto ya namna hiyo haibebwi na jina moja Kuwait na jingine Tanzania. Mtu anayetaka kuonekana mkubwa duniani anataka aonekane kwa jina moja. Tangazo la mpira likirushwa, liwafae wote. Mwekezaji akifungua vitabu, aone kitu kimoja.

Nembo ya Zain ndiyo iliyonitoa jasho kuliko zote. Ilikuwa kama mduara uliosokotwa, rangi moja inayeyuka kuingia nyingine, na haijulikani kijani imeishia wapi na zambarau imeanzia wapi. Aliyeichora alikuwa kwenye kompyuta. Mimi niko juu ya ngazi, jua la saa saba, brashi ya inchi mbili, ukuta wa tofali ambao haujapigwa plasta vizuri. Rangi ya mafuta ukiichelewesha inakauka na mpaka unaonekana kama kidonda; ukiiwahi inachuruzika. Tulibuni njia yetu: mmoja anapaka kijani, mwenzake anamfuata mgongoni na zambarau kabla haijashika, wa tatu anapita katikati na sponji iliyoloweshwa tina akizungusha mkono taratibu. Sponji ilikuwa kipande cha godoro. Picha zikarudi kutoka Dar zikiwa na alama: hii rudia, hii rudia. Baadaye nadhani walichoka na wao, maana nembo ikaanza kuja imechapwa kwenye bati, sisi tunapaka ukuta tu na kugongomea.

Chini ya Zain ilibidi kwanza tupige nyeupe mikono miwili, kwa sababu nyekundu ya Celtel ilikuwa inapanda juu kama doa la mchuzi. Wateja hawaoni hiyo nyeupe. Hesabu nchi zaidi ya kumi, maduka ya barabarani kote, halafu hapo hujaweka magari, sare, vocha, kadi za laini, stempu, fomu, mabango ya uwanja wa ndege. Mtu akiniambia kampuni imebadili jina ili kutuvutia tu, huwa namuuliza kama amewahi kununua debe la rangi ya mafuta.

Mwaka 2010, wakati kuta nyingi bado zinang'aa, ikaja simu. Kazi ya nchi nzima.

Bharti ya India, wenye jina la Airtel, ilikuwa imenunua biashara ya Zain katika nchi 15 za Afrika kwa dola bilioni 10.7. Hapa ndipo nilipoelewa jambo ambalo naamini wengi hawalioni. Bharti ilinunua minara, laini, wateja, leseni. Jina haikulinunua. Zain lilibaki Kuwait na wenyewe, na liko huko mpaka sasa; vijana wetu waliokwenda Saudia na Kuwait kutafuta maisha wanakuta mabango yake wanashangaa, wanadhani mtandao ulihama nao. Kwa hiyo Airtel hawakukaa kikao kujadili kama jina la Zain linafaa au halifai. Lilikuwa jina la mtu mwingine. Ni kama umenunua daladala ikiwa na jina la mama wa mwenye gari kwenye kioo: siku ya pili unatafuta msasa.

Yule mama wa Dumila nilimkuta tena. Safari hii hakunishika mkono. Aliangalia ndoo akasema, "Mmekuja tena? Haya, pakeni." Kisha akauliza swali moja tu: "Namba zangu zinabaki?"

Swali hilo lina akili kuliko hotuba nyingi za uzinduzi. Namba zilibaki. 0784 ya Celtel ikawa ya Zain ikawa ya Airtel, na mwenye nayo hakwenda popote. Huduma ya kutuma pesa iliyoanza 2009 ikiitwa Zap ikageuka Airtel Money. Mteja wa kawaida ana vitu viwili mkononi, namba na salio, na kampuni yenye busara ikibadili jina haigusi kimojawapo. Hata wazee wasioweza kusoma jina jipya waliendelea kubonyeza vitufe vile vile kwa mpangilio ule ule. Nimewahi kumwona babu mmoja akitoa pesa kwa wakala huku akisema yuko Celtel, na Airtel ilishakuwepo muda mrefu. Wakala hakumsahihisha. Kwa nini amsahihishe? Muamala umepita.

Nyekundu ikarudi ukutani, na nyekundu nayo ina kiburi chake. Watu wanadhani rangi nzito inafunika, nyekundu haifuniki. Ukiipaka juu ya zambarau inakuwa kama damu iliyoganda. Nyeupe tena, mikono miwili tena. Ukuta wa Celtel uliopata Zain ukapata Airtel ulikuwa na unene wake. Mvua ikiupiga upande wa kaskazi, vipande vinabanduka na unazisoma zote, ya juu hadi ya chini.

Halafu mwaka 2011 Vodacom nao wakawa wekundu! Tulikuwa tumewazoea na buluu yao. Hapa jina halikubadilika, rangi ndiyo iliyobadilika, na sababu iko pale pale. Vodafone ya Uingereza ilikuwa imeongeza hisa zake kwenye kundi la Vodacom kule Afrika Kusini kutoka nusu hadi asilimia 65 miaka miwili nyuma. Ukiwa na nusu, unashauri. Ukivuka nusu, unaleta rangi yako. Kwetu mafundi ilikuwa balaa, kwa sababu barabara moja ikawa na nyekundu mbili zinazotazamana, na kila kampuni inasisitiza nyekundu yake siyo ya yule. Makopo tulikuwa tunayaandika kwa chaki kwenye mfuniko tusije tukampaka mtu nyekundu ya mshindani wake.

Kuna wanaoniuliza mbona Safaricom ya Kenya, ambayo Vodafone hao hao wamo siku zote, haijawahi kuvuliwa kijani. Jibu langu ni la fundi, siyo la mchumi: jina lile lina nguvu Kenya kuliko la aliyelinunua, na serikali ya pale ina hisa zake na neno lake. Tajiri hawezi kupaka ukuta ambao si wake peke yake, na wala hana haja.

Brashi niliiweka chini mgongo ulipoanza kudai. Nikafungua kibanda cha uchapaji: kadi za biashara, flana, mabango ya plastiki, stika za bodaboda. Huko nikakutana na kampuni kubwa zaidi, kwa sababu siku hizi mteja hakuletei jina la duka tu. Anataka chini yake kuwe na alama ya Facebook, ya Instagram, ya WhatsApp.

Mwaka 2015 Google walitangaza kwamba kampuni mama itaitwa Alphabet. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniomba alama ya Alphabet. Haikuwa kwa ajili yetu. Ile ilikuwa ya wenye hisa: biashara ya kutafuta na matangazo, iliyokuwa inaleta hela, iwekwe chumba chake, na miradi mingine, magari ya kujiendesha na utafiti wa maisha marefu, iwekwe vyumba vyake, ili kila mtu aone nani anakula na nani analisha. Mlango wa mbele ukabaki na bango lile lile.

Facebook walifanya kitu kinachofanana na hicho kwa mbali, ila mazingira yalikuwa mengine kabisa. Tarehe 28 Oktoba 2021 Mark Zuckerberg alitangaza kampuni inaitwa Meta. Alisema wamekuwa wakubwa kuliko Facebook peke yake, na kwamba wanaelekea kwenye ulimwengu wa kidijitali ambao mtu ataingia amevaa miwani. Sawa. Lakini wiki chache kabla yake, Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wao, alikuwa ametoa nyaraka za ndani na kukaa mbele ya maseneta wa Marekani akieleza kwamba kampuni ilijua madhara ya bidhaa zake kwa vijana. Na mwanzoni mwa Oktoba hiyo hiyo, tarehe 4, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa karibu saa sita. Nyinyi mnaouza kwa WhatsApp mnaikumbuka.

Hapa swali langu la jina ni mali ya nani halikufua dafu. Hakukuwa na mnunuzi. Mwenye kampuni ni yule yule, jina ni lake, analipia mwenyewe rangi ya kufuta jina lake. Nimefikiri sana juu ya hili, na sikubaliani na wale wanaosema alikuwa anakimbia kashfa tu. Mradi wa miwani ulikuwepo na aliumwagia hela za kutisha. Mwaka 2022 pekee kitengo hicho kilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 13. Mtu hachomi kiasi hicho kwa ajili ya kiini macho. Lakini nakataa pia kwamba tarehe ile ilikuwa bahati nasibu. Angalia WhatsApp yako inapofunguka: tangu 2019 chini yake paliandikwa jina la Facebook, baadaye likaja la Meta. Aliyekuwa ameudhika na Facebook alikuwa anaudhika na WhatsApp pia, maana ameona jina pale chini. Jina jipya lilikata kamba hiyo, na Facebook yenyewe ikabaki kuwa programu moja kati ya nyingi, na lawama zake zikabaki kwake. Wateja wangu wanaendelea kuniomba ile herufi f ndogo kwenye buluu. Ya Meta hawaijui, na nadhani Meta haisumbuki.

Twitter ndiyo ilinichekesha. Elon Musk aliinunua Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, jina likiwemo ndani ya mkataba, jina ambalo dunia nzima ilishalifanya kitenzi. Julai 2023 akalitupa na kuweka X. Mtu analipia nyumba na samani zote halafu wa kwanza kutupwa jalalani ni mlango! Ana sababu zake. Herufi hiyo anaipenda tangu 1999 alipoanzisha kampuni ya fedha iliyoitwa X.com, na alisema anataka programu moja ifanye kila kitu hadi malipo. Mimi nilikuwa na tatizo la karibu zaidi. Jamaa mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliniagiza bango la mbele ya duka, liko barabara kuu, na mitandao yake yote chini. Nikamtengenezea, nikaweka X kubwa nyeusi kama ilivyo. Akalitazama, akanitazama.

"Kaka, hiyo toa."

"Ndiyo alama yao mpya, bosi."

"Najua. Lakini mimi niko barabarani. Mtu akiona X kwenye duka langu atajua watu wa barabara wamepita, duka linavunjwa. Wateja wa mkopo si watanikimbia? Rudisha ndege."

Nikarudisha ndege. Yeyote aliyewahi kuona nyumba za kando ya barabara zimepigwa X nyekundu atamwelewa.

Na Novemba 2024 ikaja zamu ya Tigo kuwa Yas, na Tigo Pesa kuwa Mixx by Yas. Kelele zilikuwa nyingi mtandaoni, utani wa kila aina, kana kwamba jambo limeanguka kutoka mbinguni. Wazee wa kazi tulikuwa tunaisubiri. Millicom, wenye Tigo, walikuwa wanaondoka Afrika kurudi kwenye soko lao la Amerika ya Kusini na ya Kati, na mwaka 2022 waliikabidhi Tigo Tanzania kwa wanunuzi wakiongozwa na Axian ya Madagascar. Jina wakabaki nalo. Ukienda Paraguay au Guatemala leo utakuta Tigo ya buluu iko kazini. Axian nao wana mitandao Madagascar, Komoro, Togo na Senegal, kila mmoja ulikuwa na jina lake, na wote wakawa Yas. Mambo mawili yakakutana siku moja: jina la mtu mwingine linarudi kwake, na tajiri mpya anataka aonekane kwa jina moja. Ni Celtel na Zain upya, wamebadilishana viatu. Na isitoshe, kabla ya kuitwa Tigo mtandao huo uliwahi kuitwa Mobitel na Buzz, kwa hiyo hii siyo mara yake ya kwanza kubatizwa.

Safari hii hakuna aliyenipigia nimtafutie vijana wa brashi. Nilipita mtaani kwetu nikakuta kijana mmoja na ngazi nyepesi anabandika karatasi ya plastiki iliyochapwa tayari, anaivuta kwenye kona, anapitisha kitambaa kutoa mapovu, anaingia duka la pili. Nikamuuliza ile ya zamani mmeipeleka wapi. Akanionyesha: ilikuwa imekunjwa chini ya ngazi, imebanduliwa nzima nzima kama ganda la ndizi, na ukuta chini yake msafi, hauna rangi ya mtandao wowote. Hapo nikajua kampuni nazo zimepiga hesabu ya nyeupe mikono miwili.

Mangi wa pale alikuwa amekaa nje anatazama. Nikamwambia zamani tulikuwa tunampakia ukuta mzima bure. Akasema siku hizi hakuna bure, amewaambia watu wa kampuni ukuta ni wa kukodi, mkataba mwaka mmoja, na kwenye mkataba ameandikisha kwamba wakibadili jina kabla mwaka haujaisha wanalipa upya.